Sanduku la Nyanya na Vigae vya Jikoni



Kila mfungo ukikaribia hapa kwetu Makupa nyumba hugeuzwa chini juu. Mazulia yatolewa nje yapigwe jua, kuta zapakwa chokaa, na vile vyombo vya mbao vilivyochoka, yaani meza iliyochubuka, kabati lililolegea mlango, stuli yenye mguu mmoja mfupi, vyote vyawekwa barazani kungoja hukumu. Zamani hukumu zilikuwa mbili tu: kwa seremala au jaani. Na jaa lenyewe halikuwa mbali. Kwa miaka mingi taka za mji zilipita hapa hapa Makupa zikaenda kumwagwa Kibarani, ng'ambo ya kivuko, mpaka jaa hilo likafungwa mwishoni mwa miaka ya 2010.

Siku hizi imekuja hukumu ya tatu. Kijana aenda kwa fundi anayejenga jirani, aomba vipande vya vigae vilivyobakia, avivunja vunja vidogo vidogo, avipanga juu ya ile meza kuukuu na kuziba mianya. Jioni meza hiyo yawekewa sinia la kaimati na bakuli la uji, na mgeni auliza imenunuliwa duka gani. Kazi nzuri, nami siipingi. Lakini nimesikia vijana wakisema ni fasheni waliyoiona kwenye simu, imetoka Ulaya. Hapo ndipo nilipoamua kuandika. Pwani hii imekuwa ikipachika kauri na vigae kwenye vitu vyake kwa zaidi ya miaka 600. Na nina sababu nyingine ya kuandika, ya aibu kidogo, nitakuambia mbele.

MABAKULI UKUTANI

Hebu tuanze na mawe kabla hatujafika kwenye mbao. Ukienda Gede, karibu na Malindi, mji ule wa magofu ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2024, ingia msikiti mkubwa usimame mbele ya kibla. Utaona kwenye lipu vishimo vya mviringo. Humo mlikuwa na mabakuli ya kauri ya Kichina, yamezamishwa ukutani uso ukiangalia nje, yang'ae mwanga ukiyapiga. Katika mji huo huo kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Kwa hivyo twazungumza mambo ya zamani sana.

Gede haiko peke yake. Mambrui kuna kaburi la mnara lililopachikwa mabakuli ya Kichina. Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, kuna makaburi ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa sahani na mabakuli namna hiyo hiyo. Kilwa Kisiwani upo msikiti mdogo wa makuba ambao mafundi waliyapachika mabakuli juu darini, ndani ya makuba yenyewe, hata anayetaka kuyaona lazima ainue kichwa. Na katika nyumba za kale za Lamu na Pate, kule chumba cha ndani, ukuta mzima ulijaa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyochongwa, na kila kidaka kikawekwa chombo chake cha kauri.

Kwa nini? Wako wasemao ni kinga ya jicho baya. Wako wasemao ni kuonyesha mali, kwa maana bakuli lililotoka Uchina likapita Bahari Hindi lote mpaka Mombasa halikuwa chombo cha kulia ugali kila siku. Mimi naona pia kuna jambo la kawaida zaidi: mtu hataki kukitupa kitu kizuri. Kauri ikipata ufa haitafaa tena kwa mchuzi, lakini ukutani ufa hauonekani. Hayo ni maoni yangu, usiyachukue kuwa ni kauli ya wanachuoni.

Lililo hakika ni kwamba kauri ilifika kwa wingi. Nenda Ngome, hapa hapa kisiwani, jengo ambalo Wareno walianza kulijenga mwaka 1593. Makumbusho yake yana makabati ya vyombo vya Kichina, vya Kiajemi na vya Kireno vilivyochimbuliwa pwani hii. Vingine vilitoka baharini. Ile merikebu ya Kireno, Santo António de Taná, ilizama mbele ya Ngome mwaka 1697, wakati Waomani walipoizingira, na wapiga mbizi wakaifanyia kazi miaka ya 1970. Mtoto wa Makupa aweza kwenda kuviona na kurudi kabla ya adhuhuri. Wangapi tumekwenda? Tusidanganyane.

TUJE KWENYE MBAO

Watu huidhani Mombasa ya kale kuwa ni mji wa mawe tu. Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331 aliandika kwamba misikiti yetu ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na mlangoni pana kisima watu waoshe miguu na mkeka mnene wa kuipangusia. Msikiti wa mbao! Kwa hivyo useremala ni sanaa ya kisiwa hiki tangu hapo, hata kama mbao zenyewe hazikubaki. Mchwa, dumuzi na chumvi ya bahari havina huruma.

Na katika mbao nako, wazee wetu walipachika. Lugha yetu ina neno lake kabisa: njumu. Leo ukimwambia kijana njumu atafikiri viatu vya mpira wa miguu, vile vyenye meno chini. Lakini njumu asili yake ni ile kazi ya kuingiza madini au pambo jingine juu ya mbao, na misumari ya shaba inayopigwa kwa mpango.

Chombo kinachojulikana zaidi kwa kazi hii ni kiti cha enzi. Ni kiti kikubwa cha mbao nyeusi, chenye mgongo mrefu ulionyooka na pa kuegeza miguu, kikalio na mgongo vimesukwa kwa uzi, na mbao zake zimetiwa vipande vya pembe za ndovu au mfupa kwa maumbo ya nyota na mistari. Watu wa Siyu na Lamu walisifika kwa kazi za mikono za namna hii. Hakuwa akikikalia kila mtu; kilitolewa kwa mgeni wa heshima, na siku ya harusi. Wataalamu wangali wanabishana umbo lake lilitoka wapi: wengine wasema Misri ya Wamamluki, wengine Wareno, wengine India. Huenda kila mmoja ana haki kidogo. Lakini angalia kanuni yake: kipande kidogo, kigumu, cheupe, kinazamishwa katika mbao nyeusi, kisawazishwe, king'ae. Ndiyo kazi ile ile ya kijana wa barazani na vigae vyake.

Halafu yakaja makubwa ya karne ya 19. Majahazi ya msimu yaliteremsha kutoka Bombay, Surat na Malabar masanduku ya msaji, mtiki kama wengine waitavyo, yaliyopigwa misumari ya shaba kwa mamia. Chini huwa na droo mbili tatu, na ndani pana kijisanduku cha siri cha kuficha dhahabu. Yalikuja pia masamadari, vitanda vya sesemu vyenye nguzo, virefu hata watu wengine hupandia kwa kistuli, na ubao wa kichwani umetiwa vioo vilivyochorwa maua kwa rangi. Bibi harusi wa Mji wa Kale, wa Lamu na wa Unguja alilala chini ya maua hayo ya kioo.

Na vigae vyenyewe? Hapa lazima tutoke nje ya pwani kidogo. Mwaka 1840 Mwingereza Richard Prosser alipata hataza ya kutengeneza vigae kwa kushindilia unga mkavu wa udongo ndani ya mashine, na kiwanda cha Minton kikaichukua mbinu hiyo. Kabla ya hapo kigae cha mapambo kilikuwa kitu cha mikono na cha ghali. Baada yake kikawa cha bei nafuu, chatoka kwa maelfu. Mafundi wa samani wa Uingereza wakaanza kukitia kwenye meza za kunawia uso, nyuma ya beseni, ili maji yasirukie ukutani na mbao zisioze. Kwa hivyo kigae juu ya mbao kilianza kama kinga ya maji, urembo ukafuata. Ndugu yangu unayebandika vigae kwenye meza ya futari ili uji usiiharibu, wafanya jambo lile lile kwa sababu ile ile.

Wakati huo huo India ilikuwa ikitengeneza vigae vya paa. Kiwanda cha wamishenari wa Basel kule Mangalore kilianza mwaka 1865, na vigae vyake vyekundu vikasambaa pwani zote za Bahari Hindi. Pandisha macho utembeapo Mji wa Kale utaviona vingine vingali juu. Na wazee wetu walikuwa na matumizi ya kigae kibovu kabla ya fasheni hii: kigae cha chungu kilichovunjika kilitiwa makaa, juu yake udi, kikazungushwa nyumba nzima jioni. Nyanya yangu alikuwa na chetezo cha shaba, lakini alipenda kigae. Asema udi wanukia vyema zaidi.

Ama kuvunja vigae makusudi ili kutengeneza picha ya vipande vipande, hiyo nayo ina historia ndefu. Mafundi wa Fes, Morocco, hukata vigae vya rangi kwa nyundo, kimoja kimoja, na kazi yao huifahamu ukiona kuta za madrasa zao. Barcelona, Gaudí na mwenzake Jujol walitumia vipande vya vigae vilivyovunjika kufunika lile benchi refu lipindalo la Park Güell, bustani iliyojengwa kati ya 1900 na 1914. Na kule Chandigarh, India, Nek Chand, mtumishi wa serikali wa barabarani, alikusanya kwa siri mabaki ya vyombo na vigae kutoka majumba yaliyobomolewa akajenga bustani nzima ya sanamu. Serikali ilipoigundua ilikaribia kuibomoa, kisha ikafunguliwa kwa watu mwaka 1976. Sanamu si mambo yetu, lakini ile subira ya kuokota kila jioni miaka na miaka baada ya kazi, hiyo namvulia kofia.

NDIPO NIFIKE KWENYE AIBU YANGU

Mwaka 2004 tulikuwa vijana kama kumi hivi, likizo ya shule, tuna nguvu na hatuna kazi. Tukaamua kutengeneza meza za futari kwa mabaki ya vigae. Tatu za kwanza zilitoka vizuri. Nilipoona mkono umezoea, nikaingia chumbani kwa nyanya, ambaye wakati huo alikuwa kwa shangazi Malindi, nikalitoa sanduku lake. Lilikuwa kuukuu, lina vumbi, mfuniko umekwaruzika. Nikasema nitamfurahisha. Nikapaka saruji ya kubandikia vigae moja kwa moja juu ya mfuniko, nikapanga vipande vya buluu na vyeupe vilivyobakia jikoni kwa jirani.

Nyanya aliporudi alisimama mlangoni muda mrefu. Hakunigombeza. Akaniambia, "Mwanangu, sanduku hili lilikuja na jahazi kabla mimi sijazaliwa. Nawe umelivika nguo ya chooni."

Sanduku lile lilikuwa la msaji, na misumari yake ya shaba nilikuwa nimeizika chini ya saruji. Kufikia mvua za mwaka uliofuata mfuniko ulipinda. Mbao hapa kwetu haitulii: kaskazi yakauka yajikunja, masika yanyonya unyevu yatanuka. Kigae na saruji havitanuki. Vikifungwa pamoja kimoja lazima kishindwe, na kilichoshindwa ni ubao. Ulipasuka kwa urefu kutoka bawaba hadi bawaba.

Sikujua nilichokuwa nacho. Na hilo ndilo jambo la kusikitisha katika historia hii nzima, kwa maana si mimi peke yangu. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi za Unguja ziliondoka zikaacha majumba na vyombo. Lamu na Mji wa Kale wetu, watalii walipozidi, wakaja wanunuzi wakigonga mlango mmoja baada ya mwingine: mama, lile kabati bovu utaliuza? Mama alipewa pesa ya sofa mpya akaona amepata. Ami yangu mmoja aliiuza samadari ya babake kwa bei ya godoro la sponji. Ilifunguliwa vipande vipande ikapakiwa kwenye pikapu ikatoka kisiwani kwa njia hii hii ya Makupa. Wareno waliweka vijingome Makupa kulinda kivuko, adui asiingie kisiwani kwa miguu maji yakiwa kupwa. Hakuna aliyewaza kulinda vinavyotoka.

Sheria ipo lakini. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inasema chombo kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946 nayo imelindwa kwa jina lake. Jirani akitaka kuuza mlango wa nyumba ya urithi, mwambie kwa upole aulize Ngome kwanza.

Basi kabla hujashika nyundo na vigae, kigeuze kile chombo. Tazama chini na nyuma, ambako fundi hakujali urembo. Ukiona viungo vilivyokatwa kwa mkono, visivyolingana, au vigingi vya mbao mahali pa skurubu, au misumari ya shaba, au ubao mmoja mpana kuliko unaoweza kuupata leo kwa wauza mbao, weka nyundo chini. Mwite mzee. Uliza kilitoka wapi, nani alikuja nacho. Huenda kikawa si chochote. Huenda kikawa ndicho kitu kikongwe kuliko vyote nyumbani mwenu.

Kikiwa ni meza ya kawaida ya mbao laini au ya chenga, endelea na kazi yako kwa raha. Ila usibandike vigae juu ya ubao wenyewe. Kata plaiwudi nene kiasi cha nusu inchi au zaidi, ipake gundi nyeupe ya seremala iliyotiwa maji kidogo ili isinyonye, kisha bandika vigae juu ya plaiwudi hiyo kwa gundi inayokubali kunyumbuka. Acha siku nzima ikauke. Ndipo utie grauti, ule unga wa kuziba mianya, ufute kwa sponji mbichi kabla haujagandia usoni mwa kigae. Pembeni zungushia ukingo mwembamba wa mbao, vipande visimkate mtoto. Wakati wa kuvunja, vifunike vigae kwa gunia na uvae miwani. Nimemwona mwenzetu mmoja akipelekwa hospitali kwa chembe moja tu. Na miguu ya meza iwe imara kwanza, maana vigae ni vizito kuliko uvionavyo.

Na kama ni chombo cha kale na bado wataka vigae, fanya plaiwudi yako iwe kama sinia: ikae juu bila gundi wala msumari, chini yake kitambaa. Siku ukiichoka waiinua, chombo kiko salama.

Nyanya alitangulia mbele ya haki mwaka 2011, Allah amrehemu. Sanduku ninalo mimi. Nilikwenda nalo kwa seremala mmoja mkongwe, akaligonga gonga kwa kucha akakataa kulitia patasi, akasema saruji ikitoka kwa nguvu itatoka na ubao. Akanifundisha kuvilegeza vigae kimoja kimoja, kwa msumeno mwembamba wa chuma unaopita kati ya saruji na mbao, polepole, dakika chache kila siku. Nimeifanya kazi hiyo Ramadhan tatu sasa, baada ya alasiri, wakati wa kungoja magharibi. Vimetoka vigae 31. Misumari ya shaba 9 imeonekana tena, imekuwa kijani. Binti yangu huisugua kwa ndimu na chumvi mpaka adhana.